Kula kwa Kukumbuka: Maana ya Ushirika Mtakatifu

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne haya: kumbuka, kumbusha, kumbukumbu, ukumbusho. Yasomeni pamoja, polepole, mara mbili.

Mwaona kwamba maneno yote manne yametoka katika shina moja. Kukumbuka ni kazi ya moyo. Mtu aweza kukumbuka peke yake, usiku, kitandani, na mwenzake asijue. Kukumbusha kwahitaji watu wawili, mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Kumbukumbu ni habari iliyowekwa isipotee. Na ukumbusho ni kitu au tendo liwarudishalo watu kwenye jambo lililopita. Lishikeni neno hili la mwisho, maana somo letu la leo limo ndani yake.

Somo letu ni juu ya desturi moja ya Wakristo. Hukusanyika kanisani, wakala kipande kidogo cha mkate, wakanywa divai kidogo, na husema kwamba wanafanya hivyo kwa kumkumbuka Yesu Kristo. Hatukuja hapa kumgeuza mtu dini yake. Katika pwani hii Waislamu na Wakristo hukaa mtaa mmoja, huuziana samaki, na huzikana. Basi yafaa mtu ajue jirani yake afanya jambo kwa maana gani. Nao Wakristo waliomo darasani wataona kwamba jambo walilolizoea tangu utoto lina historia, na kwamba sehemu moja ya historia hiyo ni chungu.

Tuanze na mahali mnapopajua. Kilometa 17 hivi kusini ya mji wa Tanga, upande wa njia iendayo Pangani, ndipo Tongoni. Hapo yako magofu ya msikiti wa kale, na makaburi yapata 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengine yalisimamishiwa nguzo, na katika nguzo wajenzi walitia mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Wataalamu wa mambo ya kale wasema kwamba mji huo ulistawi katika karne ya 14 na ya 15. Sasa nguzo nyingi zimekwisha anguka. Mawe yapo, lakini ukiuliza, "Aliyelala hapa ni nani? Alikuwa mtoto wa nani? Alifanya kazi gani?" mara nyingi hupati jibu.

Basi jiwe ni ukumbusho mzuri, lakini jiwe halikumbuki. Wakumbukao ni watu. Waislamu wa pwani wanalijua sana jambo hili. Mtu akifa, jamaa zake hawatosheki na kaburi. Huita watu, wakasoma hitima, wakamwombea dua, kisha wakala pamoja. Hitima si jambo moja na ibada ya Wakristo tutakayoieleza, wala tusizichanganye. Naitaja kwa sababu inatuonyesha kitu. Watu wakitaka jambo lisisahauliwe, hawaliachi katika kichwa cha mtu mmoja. Hulifanyia tendo, nao hukutana ili kulitenda.

Sasa tusikie asili ya desturi ya Wakristo. Usiku wa kuamkia siku aliyosulubiwa, Yesu alikula chakula na wanafunzi wake katika mji wa Yerusalemu. Injili za Mathayo, Marko na Luka zasema kwamba kilikuwa chakula cha Pasaka. Yesu alikuwa Myahudi, na Pasaka ni sikukuu ambayo Wayahudi hukumbuka jinsi baba zao walivyotoka utumwani Misri. Hawakumbuki kwa hadithi tu. Hula mkate usiotiwa chachu, na mboga chungu. Tena hufundishwa kwamba kila mtu ajihesabu kama kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Mwaona? Mlaji hasemi, "Wao walitoka." Asema, "Sisi tulitoka." Huo ndio ukumbusho wa namna hii.

Katika chakula hicho Yesu alitwaa mkate, akashukuru, akaumega, akawapa wanafunzi, akauita mwili wake. Akatwaa na kikombe cha divai, akaiita damu yake. Akawaagiza wafanye hivyo kwa kumkumbuka yeye. Kesho yake akauawa. Wakristo huamini kwamba siku ya tatu alifufuka. Kwa hiyo hawamkumbuki kama marehemu tu. Humkumbuka kama mwenyeji aliye hai, ambaye amewaalika chakulani.

Angalieni vitu alivyovitumia. Hakuwaambia wamjengee nguzo. Alitumia mkate na divai, vitu vilivyoliwa na kunywewa katika nyumba za watu wa nchi ile, wakubwa kwa wadogo. Kwetu divai haikuwa kinywaji cha kila siku, hata makanisa yalikuwa yakiiagiza kutoka ng'ambo. Baadaye wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katika nchi ya Dodoma, ikaonekana kwamba ardhi ile na jua lile vyaifaa, na leo divai ya Dodoma yajulikana mbali.

Desturi hii ina majina mengi, nayo majina yenyewe yafundisha. Wakatoliki huiita Misa au Ekaristi, na kupokea mkate huo huita komunyo. Waanglikana husema Ushirika Mtakatifu, na wengi waliolelewa na misheni ya Magila, huko Muheza, husema pia Misa. Walutheri husema Chakula cha Bwana, au Meza ya Bwana. Neno Ekaristi limetoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni shukrani. Ushirika ni kushiriki, yaani kila mtu kupata fungu lake katika kitu kimoja. Basi katika majina hayo mna shukrani, mna kugawana, na mna chakula. Wala hakuna hata moja lisemalo kwamba mtu ajifungie ndani ale peke yake.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, tena zamani sana. Maandishi ya kale kuliko yote tuliyo nayo juu ya chakula hiki ni barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakristo wa Korintho, iliyoandikwa yapata mwaka 55. Kwa nini Paulo aliandika habari hiyo? Je, watu wa Korintho walikuwa wameacha kula? La, walikuwa wakila. Lakini wenye mali walitangulia wakashiba, na wengine wakalewa. Wasio na kitu walibaki na njaa. Paulo aliwakemea kwa ukali, akawaambia kwamba wanachokula si chakula cha Bwana. Akawataka wangojeane.

Fikirini jambo hili kidogo. Watu wale walikuwa na mkate. Walikuwa na divai. Hata hivyo Paulo aliona kwamba ukumbusho umeharibika, kwa sababu mwenzao amekaa mezani na njaa, nao hawamwoni. Kumbe mtu aweza kumkumbuka Kristo kwa mdomo, akamsahau aliyeketi karibu naye.

Sasa tuvuke bahari twende Unguja. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Soko la mjini Unguja lilikuwa Mkunazini. Waliouza na walionunua katika biashara ile ya Afrika Mashariki walikuwa watu wa makabila mengi, na wa dini zaidi ya moja. Soko lilipofungwa, misheni ya Kiingereza iitwayo UMCA ilipata kiwanja hicho, na siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule mtaalamu wa Kiswahili aliyefasiri sehemu kubwa ya Biblia. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Kwa mapokeo ya mahali pale, altare, yaani meza ya Ushirika, ilijengwa pale ulipokuwapo mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa. Alama ya marumaru imewekwa sakafuni. Miongoni mwa watu waliopiga magoti mbele ya meza hiyo walikuwamo waliopata kuwa watumwa wao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa. Utotoni alikuwa mtumwa. Mwaka 1890 alipata upadre, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika misheni ile. Tangu siku hiyo mikono ya mtu aliyekuwa na bei ndiyo iliyoumega mkate. Na kwa kanuni za kanisa lake, Mzungu aliyetaka kupokea katika Misa yake ilimpasa apige magoti na kupokea kwake kama watu wengine.

Hata hivyo tusiisimulie habari hiyo kama kwamba yote yalikwisha siku ile. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria ya Unguja iliendelea kuutambua utumwa mpaka mwaka 1897. Kwa miaka mingi watu waliweza kutoka mezani pa kanisa lile, na nje ya mlango wakakuta mtu anayemilikiwa na mtu. Ukumbusho uliokuwa ndani ulikuwa ukiwauliza swali walio nje.

Sasa twaja kwenye ugomvi wa Wakristo wenyewe. Wote hukubali kwamba Yesu aliagiza chakula hiki. Lakini ukiwauliza, "Kuna nini katika mkate huo?" hawajibu neno moja. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba mkate na divai vikiwekwa wakfu hugeuka kweli kuwa Mwili na Damu ya Kristo, ingawa sura na ladha zimebaki zilezile. Walutheri hufundisha kwamba mkate wabaki mkate, lakini Kristo yupo kweli na hutolewa pamoja nao. Wabaptisti wengi, na wengine kama wao, husema kwamba mkate ni alama ya kukumbukia tu. Na kati ya Waanglikana wapo wenye mawazo haya na wenye mawazo yale.

Magomvi hayo yalianza Ulaya. Mwaka 1529, katika mji wa Marburg huko Ujerumani, Martin Luther alikutana na Ulrich Zwingli ili wapatane. Walikuwa na mambo 15 ya kuzungumza. Wakapatana katika 14. Jambo la 15 lilikuwa hili la Chakula cha Bwana, nalo katika sehemu yake moja likawashinda. Wakaachana.

Wamisionari walipokuja kwetu katika karne ya 19, magomvi ya Ulaya yalikuja nao kama mizigo mingine. Magila walikuwapo Waanglikana kutoka Uingereza. Mlalo na Vuga, katika milima ya Usambara, walikuwapo Walutheri kutoka Ujerumani. Wakatoliki nao walikuwa na misheni zao. Mbondei aliyebatizwa Magila na Msambaa aliyebatizwa Mlalo waliweza kukutana sokoni, wakauziana ndizi, wakaoana hata. Lakini kanisani kila mmoja alikuwa na meza yake, kwa sababu ya maneno ambayo babu zao hawakuyasikia kamwe.

Tena watu walikuwa wakihama. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893, na mashamba yake ya Tanga yakawaita vibarua kutoka mbali. Kadhalika Kenya, watu waliacha kwao wakaenda mashambani na mijini. Mtu aliyebatizwa na misheni hii, akifika mahali penye kanisa la misheni ile tu, ale wapi Chakula cha Bwana? Au akae bila kukila mpaka arudi kwao?

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa makanisa kadhaa ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, katika misheni ya Kanisa la Uskoti. Walitafuta njia ya kufanya kazi kwa umoja. Mwisho wa mkutano wakala Ushirika Mtakatifu pamoja, ndani ya kanisa la Waskoti. Aliyeongoza ibada alikuwa Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, lakini walaji wengine hawakuwa Waanglikana.

Habari ilimfikia Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Dayosisi yake wakati ule ilikuwa pamoja na Tanga na Magila, kwa hiyo alikuwa askofu wa Waanglikana wa pwani yetu hii. Weston alikasirika sana. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, akataka Askofu Peel na Askofu Willis wa Uganda washtakiwe kwa kuiacha imani ya Kanisa. Magazeti ya Uingereza yakajaa habari za Kikuyu, mahali ambapo wasomaji wao wengi hawakuwa wamepasikia. Mwaka 1915 jibu likatoka. Maaskofu wale hawakuhukumiwa, lakini ibada ya namna ile ilishauriwa isirudiwe. Watu wakafanya mzaha, ati wakubwa wameamua kwamba jambo lile lilimpendeza Mungu mno, ila lisifanyike tena.

Tusimdhanie Weston kuwa mtu mwenye moyo mgumu tu. Aliamini kwamba meza ile haikuwa mali yake hata aigawe apendavyo. Kwake yeye, watu kula pamoja hali hawakubaliani juu ya kile wanachokila ni kujidanganya. Na mtu huyohuyo, mwaka 1920, alichapisha kijitabu cha kupinga mpango wa kuwalazimisha Waafrika wa Afrika Mashariki kufanya kazi. Mwaka 1923, katika mkutano mkubwa London, aliwaambia watu wa upande wake kwamba ni bure kumheshimu Kristo altareni ikiwa hawamhurumii katika maskini wa mitaa michafu. Alifariki mwaka 1924 huko Hegongo, karibu na Magila.

Nao watu wa Kikuyu walikuwa na hoja yao. Waliona kwamba Mwafrika anarithishwa ugomvi usio wake. Waliona kwamba ukumbusho wa Bwana mmoja hauwezi kuwa sababu ya watu wake kupeana kisogo. Jambo moja nataka mliangalie. Waliobishana walikuwa maaskofu na wamisionari wa kutoka Ulaya. Waliokuwa na haja ya jibu walikuwa Waafrika, wale waliotembea kutoka kijiji hata shamba wakitafuta mahali pa kula.

Je, leo ikoje? Makanisa yamesogeleana. Mwaka 1982, wataalamu wa makanisa mengi, wakiwamo Wakatoliki, walikutana Lima, mji mkuu wa Peru, wakakubaliana juu ya maandishi yahusuyo ubatizo, Ekaristi na huduma. Humo walisema kwamba kumkumbuka Kristo katika chakula hiki si kuwaza tu jambo lililopita. Tendo la Kristo linakuwa na nguvu kwa wale wanaokula sasa. Hapo wakarudi karibu na ile maana ya Pasaka tuliyoisikia: "Sisi tulitoka."

Lakini meza hazijawa moja. Kwa kawaida Mkatoliki na Mlutheri hawapokei pamoja hata leo. Katika nchi yetu wako mume na mke wanaokula sahani moja nyumbani siku sita, na Jumapili kila mmoja huenda mezani kwake. Huzikia wafu wao pamoja. Huimba pamoja. Ikifika saa ya mkate, mmoja hubaki ameketi. Wengine husema maumivu hayo ni lazima yavumiliwe mpaka makanisa yapatane kwa kweli. Wengine husema watu wangekula pamoja kwanza, na mapatano yangefuata. Huo ni ubishi wa Kikuyu, nao una miaka zaidi ya mia moja.

Wasikilizaji wangu, wakati wetu unakwisha. Tulianza na maneno manne, tukaona kwamba mtu aweza kukumbuka peke yake, lakini hawezi kukumbushana peke yake. Hiyo ndiyo sababu Wakristo hawakuridhika kusoma habari za kifo cha Yesu, bali wanakula. Mwenye kula huketi karibu na mwingine, naye hulazimika kumtazama: ameshiba au ana njaa? Ni mtumwa au ni huru? Ni wa kanisa langu au la? Paulo aliwauliza Wakorintho. Altare ya Mkunazini iliwauliza watu wa Unguja. Vibarua wa mashamba waliwauliza maaskofu. Wewe uliye Mkristo, ukienda Jumapili hii, tazama nani ameketi karibu nawe, na nani hayupo. Nawe usiye Mkristo, ukimwona jirani yako anakwenda kanisani bila kufungua kinywa tangu asubuhi, utajua kwamba anakwenda kula, na anamkumbuka nani.

Sasa mwalimu wenu atawasomea maneno na maswali. Kwaherini mpaka juma lijalo.

Maneno ya kujifunza

Altare: meza ya ibada kanisani.
Divai: kinywaji kitokanacho na maji ya zabibu.
Kaure: udongo mweupe wa vyombo vizuri, kama vya China.
Kuweka wakfu: kutenga kitu kwa ajili ya Mungu.
Kumega: kukata chakula kwa mkono ili kugawa.
Mapokeo: habari ambazo watu hupokezana, mkubwa kwa mdogo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kukumbuka na kukumbusha vyapitana kwa jambo gani?
2. Kwa nini Paulo aliwaambia watu wa Korintho kwamba hawali chakula cha Bwana?
3. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka gani? Utumwa uliacha kutambuliwa na sheria mwaka gani? Kati ya miaka hiyo ilipita mingapi?
4. Wa Kikuyu walikuwa na hoja gani? Askofu Weston alikuwa na hoja gani? Wanafunzi wagawanyike pande mbili, kila upande ueleze hoja ya wenzao, si ya kwao.
5. Andika mistari mitano juu ya jambo moja ambalo watu wa kijiji chako hulikumbuka kwa kukutana na kula.